Kupiga picha za maji na mawingu kwa sekunde nyingi, ufukwe wa Nungwi, Zanzibar

Lengo ni maji yalainike na mawingu yavutike, huku mwamba ukibaki mkali. Picha hizi huharibiwa zaidi na mchanga kuliko na kamera.

1. Siku. Nenda wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, kwa hiyo jua linapozama yanakupwa na miamba inatokeza ikiwa bado imelowa. Wakati wa maji mafu, yaani maji madogo, jioni yanapanda na yatakufukuza ulipokwishapanga vitu.

2. Stendi ya kamera. Chukua nzito, nyepesi za safari ziache nyumbani. Usiinue nguzo ya katikati. Refusha kwanza vipande vyembamba vya chini, ili viungo vikae juu ya maji ya chumvi. Wimbi linaporudi hukomba mchanga chini ya miguu, stendi inazama milimita chache, na hizo zinatosha kuufanya ukingo wa mwamba uonekane mara mbili. Kandamiza kila mguu mpaka ukatae kwenda, yapite mawimbi matatu, kandamiza tena, ndipo unyooshe upeo wa bahari. Ukiona bado inashuka, hama, panda mwambani. Vifuu vya nazi chini ya miguu vinafaa mchanga mkavu tu. Penye maji wimbi huvinyanyua. Mkoba ukiutundika kama uzito, uguse chini, maana ukining'inia upepo wa kusi utaubembeza pamoja na kamera. Vua mkanda wa kamera. Nawe simama tuli: ukihamisha mguu karibu na stendi, mchanga unasogea.

3. Kamera. RAW (faili ghafi ya picha), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi). Zima kitulizi cha lenzi, kile cha kuzuia mtikisiko.

4. Fokasi kabla ya filta. Ukishaipata, iweke ya mkono, kisha funga filta nyeusi ya stopu 10, inayopunguza mwanga kama mara 1000. Zile za kuzungusha ili kubadili weusi siziamini: kwenye lenzi pana huchora msalaba mweusi angani.

5. Muda. Muda unaofaa bila filta uzidishe kwa 1000. Bila filta 1/60, na filta sekunde 16; 1/15, dakika moja na kidogo. Jua likishazama huku kwetu giza huingia haraka, basi ukikusudia kuacha lenzi wazi dakika mbili, ongeza moja. Tumia rimoti.

Ngalawa ukiitaka pichani, tafuta iliyopwelewa. Inayoelea itatoka kama moshi.

6. Futa filta kila baada ya picha, chumvi inayoruka haionekani kwa macho. Ukirudi, fungua miguu yote ya stendi, ioshe kwa maji ya bomba, na uikaushe kabla ya kuifunga.