Namna ya kuwaonyesha watoto hekima ya Mungu kwa ndege wa Bukavu

Usifungue Biblia kwanza. Nasema hivi nami ni mwalimu wa ekodimu, yaani shule ya Jumapili ya watoto kanisani, na kuna wazee wa kanisa wanaonitazama vibaya kwa neno hili. Lakini mtoto ukimsomea aya kabla hajaona kitu, atakariri aya na kwenda kucheza. Akishaona, swali la nani aliyemfundisha ndege yule litamtoka mwenyewe, na hapo aya inapata pa kukaa. Video za simu nazo ziache, zile za tai wa mbali zenye muziki wa kuliza watu. Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ina ndege wake.

Anza na mwewe. Mtaani Kadutu hawakosekani, wanazunguka juu ya soko wakitafuta matumbo ya samaki. Usiwatoe watoto saa moja asubuhi, maana saa hiyo hewa bado baridi na mwewe amekaa tu juu ya mti. Ngoja ibada ya kwanza iishe, saa nne au tano hivi, mabati ya mlimani yakishashika moto. Simameni mahali peupe, kila mtoto achague mwewe wake na aanze kuhesabu mpaka atakapopiga bawa. Wengi watachoka kuhesabu kabla mwewe hajapiga.

Kisha waambie waache mabawa, watazame mkia peke yake. Mkia wa mwewe umegawanyika ncha mbili kama panda, nao haukai kimya: upande mmoja unashuka, wa pili unapanda, na mwili wote unageuka bila bawa kutikisika. Kaeni hapo. Mtoto aliyeuona ule mkia ukipinda ameona zaidi ya yule aliyeambiwa kwamba Mungu ni mkuu.

Wakiuliza mwewe anashikwa na nini, wape sababu ya kweli. Jua linachoma mabati na mawe, hewa iliyo juu yake inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda. Mwewe anaingia humo na kuzunguka ili asitoke nje yake, basi anapandishwa bure. Kuna walimu wenzangu wanaoogopa maelezo haya, wakidhani ukitaja hewa ya moto umemfukuza Mungu darasani. Mimi sioni hivyo. Hewa ile haionekani kwa macho, mwewe hakukaa shuleni, na bado anajua iko wapi. Sasa ndipo usome Ayubu 39:26, pale Mungu anapomwuliza Ayubu kama ni kwa akili zake yeye mwewe huruka juu. Wakiwapo watoto wa majirani Waislamu, na kwetu huwa wapo, waambie wakaulize nyumbani juu ya Sura Al-Mulk aya ya 19, inayowataja ndege wanaokunjua na kukunja mbawa, wasishikwe na yeyote ila Mwingi wa Rehema.

Somo la kiota linataka siku kadhaa, wala usilibane ndani ya saa moja. Tafuta mti wenye wale ndege wa manjano wenye uso mweusi wanaoning'iniza viota. Mara nyingi ni mnazi wa mapambo, mwanzi, au mti wowote ulio karibu na migomba. Dume anachana jani bichi, anapata uzi mrefu, anaufunga kwenye tawi, halafu anatengeneza pete. Mwonyeshe mtoto ile pete. Dume anasimama ndani yake, na kutoka hapo anafuma mpaka pale mdomo unapofika, mbele na nyuma, hivyo kiota kinatoka mviringo. Kipimo chake ni mwili wake.

Jani kavu halitaki kwa sababu linakatika. Jike anapokuja anaingia, anavuta nyuzi, anakagua, na mara nyingi anaondoka zake. Kiota kikigeuka rangi ya kahawia bila kupata jike, dume anakibomoa na kuanza upya. Hapo wasichana wanacheka sana, wavulana kidogo. Wape wote majani mabichi yaliyochanwa, uwaombe wafunge fundo kwa vidole viwili vya mkono mmoja. Watanyamaza.

Hapa usidanganye kidogo ili somo lipendeze. Usiseme ndege anazaliwa anajua yote. Madume wachanga wanafuma vibaya, viota vinalegea, na wanaboresha kazi kwa mazoezi. Hamu ya kufuma wanazaliwa nayo, mkono mzuri unakuja polepole. Mtoto anayeandika vibaya darasani atalipenda jambo hili kuliko muujiza wowote, na sioni kwamba Muumba amepunguziwa chochote kwa kuumba kiumbe anayejifunza.

Kwa somo la safari, subiri mvua za Septemba zirudi, halafu tazameni mbayuwayu kwenye nyaya za umeme. Uzito wake ni gramu 20 hivi, na wengine wamevuka bahari na jangwa la Sahara kutoka Ulaya. Ila mimi napenda zaidi habari ya kekeo wa Ulaya, yule anayetaga katika kiota cha ndege wengine. Kifaranga analelewa na wageni, hamjui baba wala mama. Wazazi wake wanaondoka mapema wakati wa kiangazi, yeye anabaki kula na kukua, kisha baada ya majuma kadhaa anaondoka usiku, peke yake, kuelekea Afrika. Tangu 2011 watafiti wa Uingereza wamekuwa wakiwafunga kekeo wakubwa vyombo vidogo vya kutuma ishara, wakaona kwamba hupitisha baridi ya Ulaya katika misitu ya bonde la Kongo. Yaani kwetu. Someni Yeremia 8:7 taratibu, mstari huo umemtaja mbayuwayu na wenzake wanaojua majira yao.

Mtoto mwenye akili atakuuliza kama silika haikosei. Mpeleke ufukoni mwa Ziwa Kivu jioni, wavuvi wanapotoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatumitatu na taa. Wadudu wadogo wa majini wanaifuata nuru, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanawafuata wadudu, wavu unawangoja wote. Kwa vizazi vingi kufuata nuru hakukuwaletea hasara, mpaka mtu alipowasha taa juu ya maji. Hilo ni swali la mtu, si la samaki, na wakubwa wa darasa wanaweza kubishana juu yake jioni nzima.

Neno moja kuhusu bundi, maana litakuja tu. Hatusomi ndege kutafuta nani atakufa au nani amemroga jirani. Bundi anawinda panya gizani kwa masikio. Sema hivyo, endelea.

Swali gumu zaidi ni la mwewe na kifaranga: "Mwalimu, kama Mungu ndiye aliyemfundisha mwewe, ndiye aliyemfundisha kuiba?" Usilikimbie. Nendeni mkamtazame mama kuku uani. Akimwona mwewe juu anatoa sauti moja ndefu, nyembamba, na vifaranga wanajificha au wanaganda. Akija paka anapiga kelele nyingine, ya kukatakata. Kuku naye amepewa lake. Halafu soma Ayubu 39:30, palipo na makinda ya tai yanayokunywa damu. Maandiko hayakuificha damu ile, nami siifichi. Mtoto akibaki na uzito moyoni, mwache nao.

Siku ya mvua kaeni ndani na manyoya ya kuku. Mtoto aupasue unyoya kwa ukucha mpaka pabaki pengo, kisha aupapase kwa vidole kutoka chini kwenda juu: pengo linafungika kama zipu. Nyuzi zake zimejaa vijindoano vidogo vinavyoshikana tena, na ndiyo kazi anayoifanya ndege akijichokoa kwa mdomo mchana kutwa. Tone la maji likidondoshwa juu linateleza. Ukiwaagiza walete manyoya Jumapili ijayo, taja wazi kwamba ni yaliyoanguka yenyewe, la sivyo kuna jogoo mtaani atakayelala bila mkia.