Namna ya kufundisha maisha ya Dietrich Bonhoeffer kwenye kikundi cha vijana

Wengi wanaofundisha maisha ya mchungaji huyu wa Kilutheri wa Ujerumani, aliyenyongwa kwa kupinga utawala wa Hitler, huanzia kwenye kitanzi. Hapo kipindi kimeshaharibika: vijana wanamwona shahidi aliyezaliwa hivyo, hawaoni mtu aliyeamua leo, akaamua tena kesho, mara nyingine kwa kusitasita. Anzia 1933, Hitler alipoingia madarakani, Bonhoeffer akiwa na miaka 27.

Tenga saa moja na nusu, watu wasizidi 15. Andaa kadi tano. Kila kadi ibebe tarehe na hali ilivyokuwa, ila si alichoamua. Kikundi kijadili kwanza, ndipo useme alichofanya.

Kadi ya kwanza, Aprili 1933, ipewe muda mrefu kuliko zote. Wayahudi wanafukuzwa kazi za serikali. Kanisa lifanye nini? Bonhoeffer aliandika hatua tatu: kuihoji serikali kama matendo yake ni halali, kuwasaidia wanaoumizwa, hata wasio Wakristo, na kama haitoshi, kulizuia gurudumu lenyewe badala ya kuwafunga majeraha tu waliokanyagwa. Ziandike ubaoni na uziache hapo, maana kadi zote zinazofuata zitarudi kwenye hatua hizo.

Ya pili ni Finkenwalde, seminari ya Kanisa la Ungamo, yaani Waprotestanti waliokataa Kanisa kutawaliwa na Wanazi, aliyoiongoza kuanzia 1935 hadi Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipoifunga 1937. Usilipambe Kanisa hilo kupita kiasi: Azimio la Barmen, tamko lake la 1934, lilikataa dola kulitawala Kanisa, lakini halikuwatetea Wayahudi.

Ya tatu: Juni 1939, yuko New York, salama, vita inanukia. Abaki au arudi? Alirudi mwezi uliofuata. Hoja yake ilikuwa kwamba asiposhiriki mateso ya watu wake, hatakuwa na haki ya kushiriki kuwajenga upya baada ya vita.

Ya nne huwasha moto. Aliingia idara ya ujasusi ya jeshi kupitia shemeji yake, Hans von Dohnanyi, na kazi hiyo ikawa kificho cha upinzani wa siri dhidi ya Hitler. Mwaka 1942 mtandao huo uliwavusha watu 14 hadi Uswisi, wengi wao Wayahudi. Je, mchungaji adanganye? Usikimbilie kumtetea, yeye mwenyewe hakudai kuwa mikono yake ni safi, alisema kuna hatia ambayo mtu huibeba kwa ajili ya wengine.

Ya tano isomwe bila mjadala: Jumapili, 8 Aprili 1945, anawaongoza wafungwa wenzake katika ibada huko Schönberg, kisha anachukuliwa. Kesho yake alinyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg, akiwa na miaka 39.

Yako makosa yanayojirudia. Hakukamatwa kwa sababu ya bomu la 20 Julai 1944, lililotegwa kumuua Hitler. Alikuwa gerezani tangu 5 Aprili 1943, na ni nyaraka zilizopatikana baada ya jaribio hilo zilizomtia hatiani zaidi. Ule usemi wa mitandaoni kwamba kunyamaza mbele ya uovu ni uovu haujapatikana katika maandishi yake. Na maneno maarufu yanayoanza “kwanza waliwajia” ni ya mchungaji mwingine, Martin Niemöller.

Muda ukikubana, ondoa kadi ya pili. Ya tatu usiiguse, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa.