Breki, flashi haida au sailensa? Cha kuweka kwenye mdomo wa bunduki ya kuwindia

Wadau wa Marekani mnaowinda kulungu, msimu ukikaribia swali ni lilelile, niweke nini kwenye mtutu isipige teke wala kelele. Kabla hujatoa hela jiulize kwanza kinachokusumbua ni nini hasa, teke la begani, mshindo, au ule mwali wa moto, maana kila kimoja kina dawa yake na dawa ya hiki inaweza kuzidisha kile.

Breki ni dawa ya teke. Ina matundu ubavuni, gesi ikifika pale inachepuka pembeni na nyingine inarudi nyuma kidogo, hapo ndo bunduki inavutwa mbele na bega linapumua, breki nzuri inaweza kukata theluthi mpaka nusu ya teke. Kwenye .300 Win Mag, risasi kubwa yenye teke kali, utaipenda sana, kwenye .243 yenye teke jepesi mi sioni sababu kabisa, weka pedi nzuri kwenye kitako yaishe. Shida yake sasa, ule mshindo uliokuwa unaenda mbele unakurudia wewe na jirani yako, piga chini ya paa la bati pale renji, uwanja wa kulenga shabaha, uone jamaa wa meza ya pili anavyokukata jicho, na ana haki. Kama unawinda umekaa kwenye kibanda na mtoto au shemeji pembeni, breki achana nayo. Ukilala chini nayo kwenye udongo mkavu vumbi linatimka hata huoni risasi imetua wapi, basi tafuta isiyo na matundu kwa chini. Na masikio kinga mbili, plagi ndani na hedifoni juu, hilo halina mjadala.

Kompensata yenyewe inatupa gesi juu ili mdomo usiruke, inawafaa zaidi wanaopiga harakaharaka, mwindaji wa risasi moja haimsaidii kivile.

Flashi haida haikati teke wala kelele, kazi yake ni kuvunjavunja mwali usikupofushe gizani. Wale wa Texas wanaowinda nguruwe pori usiku wanaelewa, hasa wenye mtutu mfupi, sababu mtutu ukiwa mfupi baruti nyingi inaishia kuwaka nje. Ila angalia sheria ya jimbo, California kwa mfano flashi haida kwenye baadhi ya semi-otomatiki, zile zinazojipakia risasi zenyewe, inaigeuza bunduki kuwa silaha iliyopigwa marufuku.

Haya, sailensa, kile kibomba cha kumeza mshindo. Sahau zile za kwenye muvi. Bunduki ya .308 inatoa desibeli 165 na zaidi, sailensa inapunguza kama 20 hadi 35, kwa hiyo bado ni mlio mkubwa tu, ila unaweza kushuka chini ya 140, kiwango ambacho mshindo mmoja ukikifikia unatosha kuharibu sikio. Na risasi yenyewe inakwenda zaidi ya mita 800 kwa sekunde wakati sauti ni kama 340, ule mpasuko wa hewani utausikia tu hata ufunge nini. Mimi bado naona ndo chaguo bora kwa mwindaji, sababu inapunguza mshindo na mwali na teke pia kwa pamoja, mbwa na jirani wanapona. Gharama yake ni bei, urefu, na uzito karibu nusu kilo pale mbele, na ikishapata moto usiishike kwa mkono mtupu.

Sheria sasa. Tangu 1934 sailensa inasajiliwa serikali kuu, kodi ilikuwa dola 200 na kuanzia 1 Januari 2026 imekuwa sifuri, ila fomu, picha na alama za vidole ziko palepale. Majimbo manane yamekataa kabisa raia kumiliki, New York, New Jersey, Illinois na California zikiwemo. Aliyeko kwa viza ya muda aongee na wakili kabla hata ya kushika bunduki. Na vile vifaa vya mtandaoni vinavyouzwa eti vya kusafishia mtutu, ukavitoboa mwenyewe viwe sailensa, hiyo ni kesi ya jela.

Kufunga kifaa kwenye mtutu: toa risasi zote kwanza. Angalia thredi (upana kwa inchi, kisha idadi ya thredi kwa inchi), .223 nyingi ni 1/2x28 na .308 nyingi ni 5/8x24, na tundu la kifaa lisiwe dogo kuliko risasi yako. Sailensa ya .30, yaani ya risasi za ukubwa wa .308, inakubali .223 iliyo ndogo, kinyume chake utailipua. Ile washa ya kupondeka, pete ya chuma inayobanwa na kupondeka ukikaza kifaa, usiiweke nyuma ya sailensa, inaikalisha upande halafu risasi inagonga kuta za ndani, mpe fundi bunduki apitishe fimbo ya kupimia kama imenyooka. Ukishafunga rudi renji uipige upya shabaha kwa risasi zilezile za kuwindia, maana risasi itahama, wakati mwingine inchi kadhaa kwa yadi 100, halafu andika kwenye kiplasta ubandike kitakoni: ikiwa na sailensa inapiga hapa, bila sailensa pale.