Mgeni Awe na Njia ya Kutoka: Namna ya Kumhoji Mtu Aliyeumia

Dada zangu mnaoanza kushika mikro hapa Goma, wageni wenu wengi hawatakuwa mawaziri. Atakuwa mama anayelala chini ya turubai, baba aliyepoteza nyumba Buhene lava ya Nyiragongo iliposhuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, au kijana aliyeachiwa huru jana. Kumhoji mtu wa namna hiyo ni kazi ya peke yake. Mimi nimejifunza mengi kwa kuwatazama watangazaji wawili wa Misri, Mona El-Shazly na Shahira Amin.

Tarehe 7 Februari 2011, Cairo ikiwa imejaa waandamanaji, Mona alimpokea Wael Ghonim katika kipindi chake cha usiku cha Dream TV, kituo cha binafsi. Ghonim, mfanyakazi wa Google, alikuwa ameachiwa siku ileile baada ya kushikiliwa tangu mwisho wa Januari. Zilipoonyeshwa picha za vijana waliouawa, alilia kwa uchungu, akasimama, akatoka studioni. Siku nne baadaye Rais Mubarak aliondoka madarakani. Wengi wanakumbuka yale machozi. Mimi kila mara natazama pale anaposimama: aliweza kuondoka, akaondoka.

Shahira alikuwa naibu mkuu wa Nile TV, chaneli ya serikali. Tarehe 3 Februari mwaka uleule aliacha kazi, kwa sababu hakutaka kuwa sauti ya propaganda watu wakiandamana katika uwanja wa Tahrir. Kwa hilo namheshimu sana. Lakini tarehe 18 Oktoba ndiye aliyemhoji Gilad Shalit kwa runinga ya Misri. Huyo ni askari wa Israeli aliyeshikiliwa Gaza zaidi ya miaka mitano, na wakati huo alikuwa bado hajakabidhiwa kwao. Amekonda, uso umempauka, pumzi inamsumbua. Shahira alilaumiwa vikali, akajitetea kwamba kijana hakulazimishwa. Sina sababu ya kumwita mwongo. Ila mtu ambaye hawezi kuinuka na kwenda zake, "ndiyo" yake usiitegemee.

Kwa hiyo nenda kwanza bila mikro. Salimia, kaa chini, kubali kiti unachopewa hata kama ni kidumu cha maji kilichogeuzwa. Mwambie utakachouliza, kisha umuulize: ni jambo gani tusiliguse? Akilitaja, liache kabisa, hata mkuu wako wa kipindi akilitaka.

Uliza pia aitwe nani. Sisi tumezoea kumwita mama kwa jina la mtoto wake, na hapo ndipo unaweza kumchoma mtu moyo kabla hata hujaanza. Huenda yule mtoto ndiye aliyefariki. Kuna mama atakayetaka aitwe hivyohivyo, kwa fahari, na kuna atakayevunjika. Yeye ndiye anayejua.

Siku ya kurekodi, mweke karibu na mlango, wewe ukae upande wa ndani. Usimzingire kwa kamera na nyaya. Mkubaliane ishara, kwa mfano kuinua mkono, na akiinua, zima papo hapo mbele ya macho yake. Mvua ikianza kupiga mabati, subirini ipite, maana ukimlazimisha apaze sauti atakuwa anapigia kelele msiba wake mwenyewe.

Swali la kwanza liwe dogo, la vitu vya mikononi. "Mama, jioni ile ulikuwa umepika nini?" Atakuambia sombe ilikuwa bado jikoni, ataitaja sufuria aliyoiacha na kitenge alichofungia mtoto, na safari ya kwenda Sake itakuja yenyewe. Swali la "unajisikiaje?" lifute kabisa. Linamwomba alie.

Akinyamaza, nyamaza naye. Najua redioni ukimya unatisha, lakini utaukata baadaye kwenye kompyuta. Akilia, usimsogezee mikro mdomoni. Ishushe, useme "pole mama", umuulize kama mnaendelea au mnaishia hapo. Picha za marehemu mwonyeshe kabla ya kurekodi, aamue mwenyewe kama zitumike.

Mkalimani, kama anasema Kinande au Kihavu, awe mtu aliyemchagua yeye. Jirani anayependa habari hafai.

Jina, sura na mtaa wake visitoke hewani bila ruhusa yake. Katika mji wetu sauti peke yake inatosha mtu kujulikana, kwa hiyo mwambie hivyo waziwazi ili anapokubali awe anajua anakubali nini.

Mwisho, kabla hujapanda pikipiki kurudi studio, mpe visikilizio asikilize mahojiano yote. Sentensi atakayosema iondolewe, ifute palepale akiwa anakuona. Mwachie namba yako, na akikupigia usiku kwamba amebadili mawazo, mjulishe fundi wa studio usiku huohuo.