Simu Zinakatika? Jaribu Haya Kabla ya Kuhama Mtandao

Kazi yangu ni kupokea simu kutwa nzima, kwa hiyo intaneti iwe na kasi vipi, kama sauti ya mteja inakatikakatika haina maana kwangu. Nimeshahama mtandao nikabaki na namba yangu ileile. Kuhama kwenyewe ni kazi ndogo. Kazi ni kujua unakohamia.

Kwanza hakikisha kibovu ni mtandao, si simu yako. Chomoa laini, iweke kwenye simu ya mwenzako, upige mkiwa palepale panapokusumbua. Sauti ikitoka safi, kagua simu yako. Ikiendelea kukatika, geuza: weka laini ya mtandao mwingine kwenye simu yako. Piga pia kwa watu wa mitandao tofauti, maana pengine anayekwama ni yule wa upande wa pili, nawe utahama bure.

Kisha ingia kwenye mipangilio utafute VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G yenyewe, uiwashe. Bila hiyo, simu iliyo kwenye 4G hulazimika kushuka hadi 3G au 2G kila unapopiga, ndiyo maana unaona mistari ya mtandao imejaa lakini simu inachelewa kuita. Kama una waifai nyumbani, washa pia sehemu ya kupiga simu kupitia waifai. Shida ikiishia hapo, baki ulipo.

Haijaisha? Basi usiamini ramani ya kampuni. Ramani haijui unene wa kuta zako. Mawimbi ya masafa ya chini, tuseme 700 hadi 900 MHz, hupenya ukuta vizuri kuliko ya 2600, na ramani nyingi hazikuambii chumbani kwako yatafika yapi. Dawa ni kununua laini ya mtandao unaoutaka, uweke kifurushi kidogo, uichomeke nafasi ya pili ya simu. Piga ukiwa chumbani, kazini, njiani, na hasa jioni mnara unapolemewa na watu. Usitazame ile mistari iliyo juu ya kioo. Inaonyesha nguvu ya mawimbi, haionyeshi msongamano. Sikiliza sauti. Na kama unakohamia ni kampuni ndogo, uliza inatumia minara ya nani, kwani baadhi hukodi kwa kampuni kubwa. Unaweza kulipa kwingine kumbe mnara ni uleule uliokuwa unaukimbia.

Uliza pia kama aina ya simu yako inakubali VoLTE ya mtandao huo. Kuna kampuni zilizokwisha kuzima 3G, na simu isiyokubali inaweza kugoma kupiga kabisa.

Ukiridhika, nenda kwa kampuni mpya na uombe kuhamisha namba. Usiifunge laini ya zamani mwenyewe, hata kama una hasira nayo kiasi gani: laini ikifungwa, namba inaweza kupotea. Kwingine utatakiwa kwanza kuchukua msimbo wa kuhama kutoka kampuni ya zamani. Jina na kitambulisho vifanane pande zote mbili. Lipa deni, tumia salio maana halihami nawe, na kama una pesa kwenye laini, zitoe. Simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja ifunguliwe mapema. Majina yaliyohifadhiwa kwenye laini, yahamishie kwenye simu.

Usihame siku unayotarajia simu ya kazi au kufanya malipo ya benki. Namba ikiwa njiani, ujumbe wa msimbo wa uthibitisho unaweza usifike.

Laini ya zamani iache ndani mpaka ikate yenyewe. Ikikata, weka mpya, zima simu na uiwashe tena. Piga, kisha mwombe mtu wa mtandao mwingine akupigie na akutumie SMS, kwa sababu kupiga kunaweza kukubali huku kupokea kukigoma. Likikutokea hilo, wasumbue kampuni mpya. Wao ndio walioomba namba, na ndio wa kufuatilia.