Kabla ya kumpeleka bweni kijana mwenye pumu

Ndoo ipo, godoro lipo, shuka zimekunjwa. Kwa kijana mwenye pumu bado hujamaliza, na cha kwanza ni kujua amefikia wapi katika kubalehe.

Utotoni pumu huwasumbua zaidi wavulana. Wakishabalehe, wengi wao hupata nafuu, na wasichana ndio wanaoongoza. Homoni zina mkono wake. Wapo mabinti wanaobanwa kifua siku chache kabla ya hedhi. Kwa hiyo binti aanze sasa kuandika kwenye daftari dogo tarehe za hedhi na usiku alioamka akikohoa. Ukurasa huo utamsaidia daktari kuliko kumbukumbu zako mama.

Kisha uzito. Mpime uzito na urefu, lakini usitumie vipimo vya watu wazima: Shirika la Afya Duniani (WHO) lina chati za miaka 5 hadi 19, za wasichana mbali na za wavulana. Mafuta ya tumboni hukisukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia, mapafu yakakosa nafasi. Mafuta hayohayo hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Ndiyo maana kwa baadhi ya vijana wanene dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu haifanyi kazi vizuri kama inavyotarajiwa. Huko Tucson, Marekani, watafiti waliowafuatilia watoto tangu utotoni walieleza mwaka 2001 kwamba wasichana walionenepa kati ya miaka 6 na 11 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza dalili za pumu wakiwa na miaka 11 au 13. Kwa wavulana hawakuona hivyo.

Ila naomba sana, neno "unahema kwa sababu ya unene" lisitoke kinywani mwako kabla hajapimwa. Linamfunga mtoto mdomo. Atabanwa na kunyamaza kwa aibu. Na si kila kuhema ni pumu, kwa hiyo mpeleke hospitali yenye kipimo cha kupuliza, apulize kabla na baada ya kuvuta dawa, shule ikiwa haijafunguliwa.

Usimwombee ruhusa ya kukaa nje ya michezo. Nimemwona binti chini ya mwembe, ameshika masweta ya wenzake kipindi kizima, muhula hadi muhula, na uzito ukipanda. Muulize daktari kuhusu kuvuta dawa dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi, umwache akimbie.

Pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka akibanwa, peke yake haitoshi. Tangu 2019 GINA, mwongozo wa kimataifa wa kutibu pumu, hauishauri kwa wenye miaka 12 na kuendelea bila dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Weka zote mbili, na ya dharura ikae mfukoni mwake. Ikiwa shule inafungia dawa kabatini, muulize matroni, kwa upole lakini mpaka akujibu: saa nane za usiku, ufunguo anao nani?