Simfoni kutoka angani: namna ya kugeuza vipimo vya wanaastronomia kuwa noti za okestra

Angani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti. Mtunzi anayetaka simfoni ya anga ana njia mbili. Anaweza kuandika muziki unaomkumbusha msikilizaji nyota: kinubi, selesta, kwaya ya wanawake ikiimba "aa" kwa mbali. Au anaweza kuchukua namba zilizopimwa kweli na kuzifanya noti na mapigo. Njia ya kwanza imeshapitiwa na wengi hadi imechakaa. Mwongozo huu ni wa ile ya pili, kwa simfoni ya sehemu tatu yenye dakika 18 hadi 20 na okestra ya wastani. Unahitaji lahajedwali, programu ya kuandika noti (MuseScore ni ya bure na inatosha) na uvumilivu wa hesabu za sekondari.

Anza na sehemu ya pili, ile ya polepole. Ndiyo inayobeba simfoni nzima, na ukishaipata hizo nyingine zinajipanga zenyewe.

Sehemu ya pili: sayari saba

Wengi huanza na Jua letu, kisha hukwama. Utaridi hulizunguka kwa siku 88, Neptuni kwa siku 60,190 hivi. Tofauti hiyo ni mara 684, yaani zaidi ya oktavu tisa, na piano nzima ina saba na ushee. Mwanaastronomia Johannes Kepler alilikwepa tatizo hilo mwaka 1619 kwa kutumia kasi ya kila sayari inapokuwa karibu na Jua na inapokuwa mbali nalo. Dunia ikampa nusutoni tu: mi, fa, mi. Ni nzuri, lakini haitoshi kujaza dakika nane.

Chukua TRAPPIST-1 badala yake. Ni nyota kibete nyekundu iliyo umbali wa miaka-nuru 40 hivi, katika kundi la Ndoo, na sayari zake saba zilitangazwa Februari 2017. Huitwa b hadi h. Herufi ya a imeachiwa nyota yenyewe. Muda wa kila mzunguko, kwa siku zetu, ni huu:

b 1.511, c 2.422, d 4.049, e 6.101, f 9.208, g 12.352, h 18.773

Weka siku hizo kwenye safu A ya lahajedwali, kuanzia A2. Kwenye safu B andika: =1/(A2*86400)*2^27. Sehemu ya kwanza ya kanuni inageuza siku kuwa mizunguko kwa sekunde. Sehemu ya mwisho inapandisha oktavu 27, kwa sababu sauti halisi iko chini mno isisikike na sikio lolote. Hakikisha h imetoa karibu 82.75 Hz. Ukipata namba kubwa kwa h kuliko kwa b, umesahau kugeuza: sayari inayochelewa ndiyo yenye sauti nzito.

Matokeo, kuanzia h kwenda juu, ni takriban 83, 126, 169, 255, 384, 641 na 1,028 Hz. Hapa ndipo watunzi wengi wanapoharibu. Wanachukua kila namba peke yake na kuisogeza kwenye noti iliyo karibu. Lakini e, yenye 255, imeangukia katikati kabisa ya B na C, na c, yenye 641, imeangukia kati ya D diezi na E. Ukiisogeza e hadi C huku f ikibaki E, umbali wa do hadi so uliokuwapo baina yao umepotea, na umbali huo ndio habari yenyewe. Sayari hizi zimefungamana kwa mvutano: wakati h inazunguka mara 2, g huzunguka mara 3, f mara 4, e mara 6, d mara 9, c mara 15 na b mara 24. Si sawasawa kwa usahihi wa saa (mizunguko 24 ya b huchukua siku 36.3, miwili ya h siku 37.5), lakini inakaribia kiasi cha kumfurahisha mwanamuziki yeyote.

Kwa hiyo tumia uwiano, usitumie namba mbichi. Ukiipa h noti ya C, unapata kuanzia chini: C, G, C, G, D, B, G. Mwanakwaya aliyekulia kwenye sol-fa ataisoma mara moja: do, so, do, so, re, ti, so. Zikilia pamoja zinatulia chini na kung'aa juu, na ti ile inaacha mlango wazi. Mtu angeweza kukaa siku nzima akitafuta sauti kama hizi kwenye piano asizipate. Hapa zimeletwa na mvutano.

Zigawe hivi. h: kontrabesi na selo, C mbili chini ya C ya kati. g: selo wengine, uzi wa G ulio wazi. f: basuni. e: honi. d: klarineti. c: obo. b: vibrafoni yenye vijiti laini, na filimbi ikigusa hapa na pale. Usimpe b filimbi pekee, kwani noti nane kwa kipimo kwa dakika kadhaa zitammaliza pumzi mpigaji kabla hajafika kwenye noti zake ngumu.

Namba hizo hizo ndizo mapigo. Andika kwa mapigo manne kwa kipimo, mwendo wa pigo moja kwa sekunde. Mzunguko mzima unakuwa vipimo vitatu, sekunde 12. Ndani ya kila kipimo b hupiga noti 8, c 5, d 3, e 2 na g 1. Mbili zinavuka mstari: f hupiga kila baada ya mapigo matatu, na h kila baada ya mapigo sita. Kila baada ya vipimo vitatu zote saba hukutana. Angani hazijapanga foleni namna hiyo. Kuzianzisha pamoja ni uamuzi wa mtunzi, na ni uamuzi mzuri, maana bila mkutano huo msikilizaji hana pa kushika.

Ziingize moja moja, kila vipimo vitatu, kuanzia h. Hadi b inaingia sekunde 72 zimepita. Zikishakuwa saba, ziache mizunguko minne, usizidishe. Baada ya hapo sikio limeshaelewa mchezo na linaanza kuangalia saa. Sasa ondoa sayari mbili, rudisha moja, hamisha kundi zima kutoka C hadi A, kisha uweke mahadhi marefu kwenye viola juu ya yote. Mahadhi hayo hayatoki kwenye data. Ni yako, na usione haya: simfoni iliyotoka yote kwenye lahajedwali husikika kama lahajedwali.

Kwa ukubwa wa sauti, tumia ukubwa wa sayari. Zenye kipenyo sawa na cha Dunia au kuzidi (b, c, f, g) zipige kwa nguvu ya kati, e kidogo chini yake, na d na h, zenye kama robo tatu ya kipenyo cha Dunia, zipige kwa sauti ya chini. Shida ni kwamba h ndiyo msingi wa jengo lote, na ikipigwa kwa unyonge ukumbi wenye zulia utaimeza. Ongeza kontrabesi wa pili badala ya kuongeza nguvu.

Sehemu ya kwanza: Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vinafaa mno kwa ngoma. Ilionyesha kwamba eksirei za nyota iitwayo Centaurus X-3 hudunda kila sekunde 4.84, na za nyingine, Hercules X-1, kila sekunde 1.24.

Weka metronomu kwenye 48.4, kila pigo ni sekunde 1.24. Hiyo ni Hercules, kwa ngoma ndogo au marimba. Kipimo cha mapigo manne ni sekunde 4.96, ilhali Centaurus hurudi baada ya 4.84. Kwa hiyo goma kubwa huwahi kwa sekunde 0.12 kila kipimo, na baada ya vipimo kumi hivi limeshapita pigo zima. Likimaliza vipimo 41 limerudi karibu pale lilipoanzia. Hizo ni karibu dakika tatu na nusu za goma linalokimbia taratibu bila mtu kujua kwa nini moyo unamwenda mbio.

Usijaribu kuliandika goma hilo kwa noti za kawaida. Karatasi itajaa vipande visivyosomeka. Mpe mpigaji kisaidizi cha sikioni chenye mdundo wake wa 4.84 na umwambie asimtazame mwongozaji kabisa. Mpigaji mzuri atapinga, kwa sababu maisha yake yote amefundishwa kinyume.

Centaurus X-3 pia hufichwa na nyota mwenzake kila inapozunguka, kila baada ya siku 2.09. Tumia hilo kulinyamazisha goma vipimo vichache katikati, huku mdundo wa sikioni ukiendelea. Likirudi, lirudi mahali pake halisi, si mwanzo wa kipimo.

Sehemu ya tatu: Voyager

Hii ni fupi. Chombo cha anga Voyager 1 kiliondoka duniani tarehe 5 Septemba 1977, na Agosti 2012 kikatoka kwenye eneo la upepo wa Jua. Kifaa chake cha mawimbi ya plazima (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme) kilinasa mitetemo ya karibu 2.2 kHz mwishoni mwa 2012, na karibu 2.6 kHz Aprili na Mei 2013. Kupanda huko kulionyesha plazima nzito zaidi, yaani anga la baina ya nyota.

Violini inazo sauti hizo tayari. Uzi wa A ulio wazi una 440 Hz. Mpigaji akiugusa bila kuubonyeza mahali pa C diezi, unalia mara tano ya hapo: 2,200 kamili. Uzi wa E, ukiguswa mahali pa A, unatoa karibu 2,640. Waandikie violini wanne sauti ya kwanza kwa dakika nzima, kisha wahame mmoja mmoja kwenda ya pili. Usiwaombe wateleze kutoka moja hadi nyingine, kwani sauti za mguso hazitelezi. Hukatika na kukwaruza.

Mazoezini

Sehemu ya pili huvunjika kwa c na d, tano dhidi ya tatu. Wafundishe kwa maneno: obo aseme "a-sa-nte-sa-na", klarineti aseme "ka-ri-bu", wakijaza kipimo kimoja sawasawa. Waanze kwa mwendo wa 120, maana tano za polepole ni ngumu kuliko tano za haraka, kisha washuke hadi 60. Mwongozaji apige mapigo manne wazi na ainue mkono wa kushoto kila mkutano wa vipimo vitatu. Aliyepotea anaingilia hapo.

Kwenye karatasi ya programu usiandike "sauti za sayari". Andika kwamba namba ni za sayari na sauti ni za okestra. Atakuwapo mwalimu wa fizikia ukumbini, siku zote yupo.

Kabla ya sehemu ya tatu simamisheni na mtyuni upya. Taa za jukwaani hupasha nyuzi joto, na A ikishuka hadi 437, ile 2,200 inakuwa 2,185 na violini wanne wanaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe.